Wild Waters na mtoto asiyestahamili kelele, walokwenda naombeni ushauri

Mama_Suhayl

Assalaam aleikum wapendwa, na wengine hamjambo. Mimi niko Malindi huku Barani, nina kijana wa miaka 8 ana usonji (autism), maneno anayo ila machache na huyaleta akitaka mwenyewe, na dadake ana 11. Sasa huyu dadake tangu mwaka jana aniimbia Wild Waters Wild Waters, ile bustani ya michezo ya maji kule Nyali Mombasa, wenzake wa shule washaenda Nyali wamerudi na mapicha, na mimi nishamuahidi likizo hii twenda inshallah. Shida ni ndugu yake. Huyu mtoto maji ndio maisha yake, pale Silversand hatoki baharini mpaka umvute, na pembea pia apenda, azungushwe mpaka mimi nnaemtazama ndio nashikwa na kizunguzungu yeye acheka tu. Lakini kelele hawezi kabisa. Jenereta, maikrofoni za harusi, ngoma, honi ya tuktuk ikimpitia karibu, na ile mashine ya upepo ya kukaushia mikono chooni hiyo ndio kabisaaa. Foleni hawezi. Akiguswa na mtu asiyemjua ajitupa chini. Na akifika hapo si kwamba adeka, hasikii tena, hata ukimpa simu hataki, ni mpaka umtoe pale mahali.

Naogopa tutoke huku kilomita 120, nauli, kiingilio, halafu dakika kumi tu tumerudi getini na dada mtu alia. Kumuacha nyumbani moyo wanikataa, bibi yake asema niachie mimi, lakini mbona mwenye kupenda maji ndio yeye? Juu ya hayo mjomba wao yuko Abu Dhabi, asema mwakani atatuita na kule kuna mabustani ya michezo makubwa makubwa, nami najiuliza ikiwa Nyali yanitoa jasho hivi huko si nitaaibika.

Walokwenda na watoto wa aina hii pahali kama hapo mlifanyaje? Nataka vitu vya kufanya, pole nishapewa nyingi.

Athman_wa_Maweni

Wa aleikum salaam dada. Mimi sina mtoto wa hivo ila nimefanya kazi Nyali miaka. Usiende Idi, usiende sikukuu ya serikali, na Desemba usithubutu hata kupita nje, wabara wote wako pwani. Jumanne au Jumatano, wiki ya kwanza ya likizo kabla watu hawajateremka, na muwe getini linapofunguliwa. Mpaka saa sita mchana hivi utayapata mabwawa kama ni yako peke yako. Mabasi ya shule yakishapaki ndio basi tena, hapo ni firimbi na mayowe.

Ticha_Kitengo_Kilifi

Mama Suhayl mimi ni mwalimu wa kitengo maalum huku Kilifi na watoto huwa twawapeleka kutembea. Ngoja nikwambie ninavoona mimi, itakuwa ndefu.

Mtoto wako si kwamba kila hisia yake iko juu. Masikio na ngozi ndio zapokea kupita kiasi, lakini mwili wenyewe watafuta, wataka kuzungushwa, kubanwa, kutikiswa, ndio maana ya pembea na ndio maana ya bahari. Maji yambana mwili mzima sawasawa kwa hivo wengi wao wakiingia tu hutulia. Sasa slaidi zenyewe huenda zisikusumbue hata kidogo. Kinachoharibu siku ni vile vitu vya pembeni ambavo hakuna mtu alievilipia tiketi: geti, foleni, spika la muziki, firimbi ya muokoaji, choo. Hivo ndivo vya kupangia, slaidi mwachie mwenyewe.

Anza na kibendi. Hizi pahali nyingi ukishalipa wakufunga kile kibendi cha karatasi au plastiki mkononi, na mtoto ambae lebo ya shati yamkera hicho kibendi kitammaliza kabla hata hajaona maji. Mzoeshe nyumbani, kata kipande cha karatasi ngumu umfunge wakati anafanya kitu anachokipenda, leo dakika mbili kesho tano. Akikataa kabisa siku yenyewe muombe wa getini akufunge wewe vyote viwili, au akifunge juu ya mkono wa nguo yake ya kuogelea. Wengi hukubali ukiomba kwa utaratibu kabla mtoto hajaanza kulia, akishaanza kila mtu hupaniki na yeye.

Nguo. Mnunulie ile ya kuogelea ya mikono mirefu inayobana, ikate lebo zote, uifue mara kadhaa ilainike. Hiyo inafanya kazi mbili, yambana vile apendavyo, na pia hutahitaji kumpaka mafuta ya jua mwili mzima maana kupakwa mafuta ni vita vyengine. Viatu vya maji pia, sakafu ya pale mchana yachoma.

Chooni usimpeleke ilipo ile mashine ya upepo. Ulizia choo cha watu wenye ulemavu, mara nyingi hakina mashine au kina mtu mmoja tu kwa hivo hakuna atakaeiwasha wewe ukiwa ndani. Beba kitaulo chako mkononi. Kama mashine ni ya kujiwasha yenyewe simama wewe katikati yake na mtoto.

Masikio. Viko vile vifuniko vya masikio vya watoto, vyazuia sauti haviimbi chochote. Mvalishe njiani, getini, kwenye foleni, wakati wa kula. Majini havifai, huko tumia vizibo vya kuogelea na ile bendi ya mpira ya kichwani kama atakubali. Ila nyumbani usimwachie kutwa nzima maana masikio yakizoea ukimya hata kijiko kikianguka kitakuwa bomu, ni vya pahali pa kelele tu.

Na mwisho mtengenezee picha za safari, si lazima ziwe nzuri. Gari, geti, kibendi, maji, chipsi, gari, nyumba ya shangazi. Picha za pahali penyewe zatafutika kwenye ukurasa wao wa mtandao. Mwonyeshe kila usiku wiki nzima. Picha ya kurudi nyumbani ndio ya maana kushinda zote, mtoto akijua kwamba hili jambo lina mwisho avumilia mengi.

Mzee_Ngomeni

Nyinyi watoto wa siku hizi mwayapa mambo majina. Zamani hapa Malindi walikuwepo watoto hawapendi ngoma, wakipelekwa ngomani mpaka wakazoea, hakuna kifuniko cha masikio wala picha za safari. Mtoto ukimkinga na kila kitu atakuwa mkubwa aogopa kivuli chake. Mpelekeni, alie, anyamaze, atazoea. Pia mtafutieni shekhe amsomee, mengine haya si ya hospitali.

Mama_Suhayl

Mzee wangu shikamoo. Kusomewa kasomewa, kombe kanywa, dua twamuombea kila swala na hatuachi. Lakini sauti bado. Yeye mwenyewe akisikia maikrofoni yaanza kukoroma aziba masikio na ayaziba kwa nguvu mpaka yawa mekundu, huyo si mtoto aogopa, huyo aumia. Ngomani nilimuona na macho yangu akitapika.

Ticha Mungu akuweke. Hicho kibendi singekifikiria abadan.

Binti_Langoni

Mimi niko Lamu na nina binti wa miaka 6, hajaitwa usonji rasmi ila hisia zake ni hizo hizo. Watu hudhania sisi Lamu tumepona kwa kuwa gari hakuna, ehee, njoo uone. Pikipiki zishaanza kutusumbua na ule uchochoro ulivo mwembamba sauti yagonga ukuta huu yaenda ukuta ule. Na punda akiamua kulia dirishani alfajiri hana wa kumwambia.

Sisi bustani ya maji hatuna, letu ni Maulidi. Mfungo Sita ukifika wageni wajaa mji mzima, msikiti wa Riyadha matari, zefe lapita, mbio za punda pwani, mashindano ya madau, kuogelea, na watu wabanana mpaka pumzi yawa ya kukopa. Na mtoto wangu punda awapenda kufa. Sasa ntakwambia tufanyavyo maana naona ni swali lako lile lile. Mbio zenyewe hatuendi chini pwani, twapanda juu darini kwa shangazi, nyumba yake yatazama baharini, kutoka juu sauti yafika imepungua na hakuna wa kumgusa. Punda wa mashindano twenda kuwaona asubuhi mapema kabla ya watu, amshike, amnuse, basi kwake yeye hiyo ndio Maulidi, hajali nani kashinda. Na zefe twalitazama likiwa mbali, likikaribia twageuka uchochoro mwengine.

Kwa hivo dada usiangalie bustani ile ina nini, angalia yeye ataka nini pale ndani. Huenda ni bwawa moja tu. Watu wengine wote wawe kwenye slaidi kumi na ngapi huko na yeye akakaa kwenye bwawa moja la watoto masaa mawili, mwache, hiyo ni pesa imeliwa halali.

Baba_Nunu_Mtwapa

naongezea la usalama hamjalitaja. Watoto wa usonji hutoroka, na wakitoroka wafuata maji, kule Marekani wale waliopotea hivo wakafa wengi wao ni kwa kuzama. Nyinyi mwasema maji ndio maisha yake, sasa pale kuna mabwawa kila upande na muokoaji hajui huyu mtoto akiitwa haitiki. Lazima muwe watu wazima wawili, si mtu mzima na dada mtu. Mmoja wa kijana na mmoja wa binti, na wa kijana asiwe na simu mkononi. Mvike rangi ya kuonekana, njano au chungwa, SI BULUU, buluu majini hupotea. Mpige picha asubuhi ile ile na nguo zake zile zile. Namba ya simu iandike kwa kalamu isiyofutika juu ya mkono wake. Na mkifika mtafute muokoaji wa upande wenu mwambie mapema huyu ni wangu, ukimuona peke yake mshike kwanza uliza baadae.

Na ile jemu ya magari ya Mtwapa msiisahau lol, mkitoka Malindi asubuhi mtafika Nyali mtoto tayari kashachoka na honi za matatu. Laleni Mombasa.

Mpwani_wa_Khaleeji

Salaam kutoka Abu Dhabi. Mjomba wao akiita nenda tu wala usiogope, ngoja nikupe habari za huku maana mimi niko huku na mtoto wa dadangu ni kama wako.

Mabustani makubwa yako Yas Island. Ferrari World ilifunguliwa 2010, Yas Waterworld 2013, Warner Bros. World 2018, SeaWorld 2023. Ferrari na Warner zote ziko ndani chini ya paa na eyakondisheni, kwa joto la huku hiyo ni rehema, ila kwa masikio ni kinyume chake, sauti haina pa kutokea. Pale Ferrari kuna Formula Rossa yapiga kilomita 240 kwa saa, wavalishwa miwani, hiyo muachie mjomba. Ya maji iko wazi nje na mimi naona ndio ya kijana wako.

Sasa kuna kitu kinaitwa cheti cha usonji, shirika moja la Marekani ndilo hutoa, na bustani kadhaa za Yas zinacho. Ya kwanza duniani kukipata ni Sesame Place, kule Pennsylvania, 2018. Maana yake wafanyakazi wamefundishwa, na kila mchezo umepewa alama 1 mpaka 10 kwa kila hisia, sauti ngapi, mguso ngapi, mwanga ngapi, harufu ngapi, hata ladha. Wewe wakaa nyumbani na hiyo karatasi wachagua. Kijana wako utatafuta mguso juu sauti chini. Lakini usidanganyike, cheti hakipunguzi kelele, kelele iko pale pale, ila ukimwambia mfanyakazi mtoto wangu amezidiwa hatakukodolea macho.

Huku pia watu wenye ulemavu huitwa kwa heshima Ashab al-himam, na wana dirisha lao na utaratibu wao. Beba ripoti ya daktari iliyo kwa kiingereza. Na kwenye ndege iko ile kamba ya kijani ya kuvaa shingoni yenye maua ya alizeti, ilianzia uwanja wa Gatwick London 2016, sasa Dubai nao waijua, ukiivaa hakuna haja ya kujieleza kwa kila mtu.

Nikuibie fikra moja ya Wamarekani. Disney tangu 2013 wana utaratibu kwamba mtoto asieweza foleni hasimami foleni, wapewa saa ya kurudi, mwaenda mwakaa kivulini saa ikifika mwaingia. Si kuruka watu, kusubiri mwasubiri sawa na wengine ila si pale penye kubanana. Nyali hata kama hawana mpango huo mnaweza kuufanya wenyewe, binti asimame foleni na babake, kijana akae mbali na wewe, zamu ikikaribia wakupungie mkono. Nani atakasirika.

Na ukipata wasaa soma habari za Morgan's Wonderland, iko San Antonio Texas. Kuna baba mmoja, Gordon Hartman, alikuwa na bintiye Morgan, siku moja kwenye bwawa la hoteli binti akataka kucheza na wenzake wale watoto wakatoka majini wakamwacha. Yule baba akaenda akajenga bustani nzima, 2010, mwenye ulemavu aingia bure. Mie nikaisoma nikasema sisi wapwani kwa mali tulizokuwa nazo za mababu hata pembea moja yenye mkanda hatujafunga.

Athman_wa_Maweni

😂😂 mali zipi hizo wewe, mbona mimi sijazikuta

Mzee_Ngomeni

Mama Suhayl marahaba mwanangu, sikuwa najua ya kutapika. Basi hilo la ngoma naliwacha.

Lakini la kuzoea siliwachi, na nina ushahidi. Nina mjukuu alikuwa akisikia injini ya boti alia mpaka azimia sauti. Babake amnunulia hivo vifuniko. Mimi nikamchukua boti ikiwa imefungwa ufukweni, injini imezimwa, akakaa juu yake akala embe. Siku nyingine tena. Halafu nikamwambia wewe ndio nahodha, vuta kamba mwenyewe. Alivuta akaizima hapo hapo. Akavuta tena. Mwezi haukwisha yeye ndio atuwashia. Boti ya mtu mwengine ikipita bado aziba masikio, ila ya kwetu ni yake.

Ticha_Kitengo_Kilifi

Mzee hapo umesema la vyuoni wallahi, ingawa mwanzo ulianza na mkwaju 😄 Tofauti ni nani ameshika kamba. Sauti aliyoiwasha mwenyewe na ajua ataizima haimuumizi sawa na ile inayomrukia. Ndio maana kumtupa katikati ya ngoma hakumzoeshi, humfunza tu kwamba ukitoka nje ya nyumba mambo mabaya hukurukia, kesho kiatu hakivaliki. Mama Suhayl kwa hiyo mashine ya chooni waweza kufanya hivo hivo, tafuta pahali penye utulivu, mtoto asimame mlangoni mbali na ayaamue mwenyewe, wewe uweke mkono chini akisema weka na uutoe akisema toa. Si lazima kabla ya safari hii. Pole pole.

Halafu kabla ya Nyali jaribuni pahali padogo. Gede pale kwa mradi wa Kipepeo, uko tangu 1993, kuna kivuli cha miti na vipepeo havina sauti. Tena kuna tiketi, kuna geti, kuna kungoja kidogo, mazoezi yote ya Nyali bila spika.

Binti_Langoni

Na Haller Park mko njiani, Bamburi. Twiga wala mkononi mwako. Yale yalikuwa mashimo ya kiwanda cha simiti, René Haller alianza kupanda mivinje 1971, sasa ni msitu. Na mwambie kijana hadithi ya yule kiboko Owen, alikuwa wenu wa Malindi, alikwama baharini hapo Sabaki wakati wa sunami 2004, akapelekwa Haller Park akafanya urafiki na kobe mzee wa miaka zaidi ya mia. Mtoto wangu hiyo hadithi tumeirudia mpaka mimi nimekuwa kobe.

Baba_Nunu_Mtwapa

Haller na Wild Waters siku moja na huyu mtoto? hapana. Moja tu.

Binti_Langoni

Sijasema siku moja kaka. Mkiona Nyali imekataa mna pa kupeleka siku isipotee, ndio nnachosema.

Ticha_Kitengo_Kilifi

Chakula jamani, tumesahau. Mtoto wa hivi akila vitu vitatu duniani na pahali penyewe hawakuruhusu kuingia na chakula, mtoto atakaa na njaa na njaa humaliza ustahamilivu wote. Piga simu siku moja kabla uwaeleze, uliza jina la anaekujibu, ukifika getini umtaje. Kama una kadi ya baraza la taifa la watu wenye ulemavu ibebe, neno usonji askari wa getini huenda asilijue lakini kadi ataijua.

Mama_Suhayl

Nimesoma yote nimemsomea na mume wangu, kacheka kwa jemu ya Mtwapa maana yeye ndio dereva.

Tumepanga hivi. Wiki ijayo Gede. Likizo ikifunguka tu twenda Mombasa twalala kwa shangazi yake Kisauni, kesho yake Jumatano asubuhi ndio Nyali. Babake na binti, mimi na kijana, na binti nishakaa nae nimemwambia nduguyo akizidiwa mimi natoka nae nje, nyinyi endeleeni mpaka mchoke, hakuna atakaewaita. Mjue aliniuliza nini? Aliniuliza kwa hivo mwaka huu sitarudi nyumbani kwa ajili yake? Sikuwa najua amelibeba hilo. Kwa hivo hata kijana akikaa dakika kumi binti siku yake ni yake.

Kibendi nimeanza leo, nimekata boksi la majani ya chai. Kakivaa huku akichezea maji ya beseni, kikalowa, kakitoa kakitupa, sawa.

Swali moja limebaki. Vile vifuniko vya masikio nimeona mtandaoni bei yake ni ya kununulia mbuzi. Hapa Malindi vyapatikana?

Athman_wa_Maweni

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi pale mjini, uliza vile wavaavyo mafundi wa kukata vyuma, bei ya chini sana. Vingi ni vya watu wazima ila juu kuna sehemu ya kupunguza. Nenda na kijana avijaribu pale pale, ila usiende asubuhi, asubuhi ndio wanakata mabati.

Ticha_Kitengo_Kilifi

Angalia visimbane sana kichwa, vya mafundi springi yao ni kali. Vipanulie juu ya chungu usiku kucha vitalegea kidogo. Na mwache yeye achague rangi.

Mama_Suhayl

Atachagua njano, huyo simuulizi. Kesho alasiri tunaenda.